Shefu Wangu Akawa Mpangaji Wangu

Siku yangu ya kwanza kazini, mkuu wa maabara pale Mutoshi, mgodi wa shaba wa Kolwezi, alinipa brashi, si mizani. Alikuwa mzee wa asili ya Kasai, mpole, mwenye sauti ndogo. Alinionyesha kinu cha kusagia mawe, akaniambia: "Mama, hapa kusafisha njo kazi yenyewe. Unga ya jana ikibakia mu kinu, jiwe ya leo itasema bongo, itatudanganya."

"Ndiyo, tata," nikajibu, na juma zima nikapiga brashi.

Ninyi vijana mnaoingia maabara leo mnakuta mashine inayotoa jibu kabla chai yenu haijapoa. Wakati wetu sampuli, yaani kile kidogo cha mawe au tope kinachosimama kwa niaba ya lundo zima, ilikaushwa kwenye tanuri, ikasagwa, ikapimwa, kisha ikayeyushwa kwa asidi ili tujue ina shaba kiasi gani na kobalti kiasi gani. Tulipokezana mchana na usiku. Waliofanya usiku walipata nyongeza ya mshahara, ile tuliyoiita prime, na ndiyo iliyosomesha watoto wangu.

Kutoka Mutoshi nilihamishiwa Kingamyambo, kupima tope la zamani la viwanda ambalo bado lilikuwa na shaba ndani. Mkuu wa huko alisali kabla ya kazi na kufoka baada ya kusali. Nilimwogopa, lakini ndiye aliyenifundisha kusema "sijui" badala ya kuandika jibu nisiloliamini.

Mwishoni niliingia kampuni nyingine, nje ya mji. Nilikuwa nimekaribia pensheni wakati mume wangu, Tata Ilunga, fundi mwashi aliyekwisha kuacha kazi, alipougua akapasuliwa tumbo. Tulikopa kwa Mama Shala, muuza vitenge, tukaweka nyumba yetu rehani. Nilitegemea prime ilipe deni. Kumbe prime yenyewe ilikuwa inahesabiwa siku zake.

Mkuu wetu mpya, Shefu Patrick, kijana msomi na mwenye adabu, alitukusanya asubuhi moja. "Bamama, batata, mashine mupya imefika. Kazi ya usiku inaisha. Bote mutatumika muchana."

"Na prime, Shefu?" nikauliza.

"Prime inaenda na usiku, mama." Aliyasema hayo akiangalia meza.

Mshahara ulipungua mwezi uleule. Wenzangu walinishauri nikope kwa mwingine nimlipe Mama Shala. Nilikataa. Deni lingebadilisha jina tu. Lakini nilikonda, na kila mlango wa lupango wetu, kile kiwanja chenye nyumba zetu, ulipogongwa nilidhani ni Mama Shala.

Nyuma ya nyumba tulikuwa na nyumba ndogo ya vyumba viwili, tuliyowekea makaa na magunia ya mahindi. Kolwezi ilikuwa imejaa wageni wanaotafuta mahali pa kupanga. Jioni moja nikamwambia mume wangu: "Tata, tupangishe nyumba kubwa. Siye tuingie nyuma."

Aliigeukia nyumba kubwa. "Ile nyumba mi nilijenga na mikono yangu. Sasa nikalale na makaa?"

"Makaa tutatoa. Mama Shala akichukua lupango, utalala wapi?"

Kesho yake asubuhi nilimkuta anapaka chokaa nyumba ya nyuma, midomo ameikaza.

Sikungoja Mama Shala aje. Nilimfuata sokoni mchana, watu wakituona. Nilimweleza mshahara wangu wote, bila kuficha. Nikamwambia kodi yote ya nyumba itakuja kwake kila mwezi, naye aache kuongeza faida juu ya deni.

"Na nikikatala?" akauliza.

"Utapata nyumba, na utapata kelele ya familia nzima. Kwa njia yangu utapata feza yako yote, polepole."

Alikunja kitenge kimoja, akakunja kingine. "Mama Ilunga, batu wa deni wananikimbia. Weye unanifuata. Basi, leta kodi."

Dalali alituletea mpangaji siku ya Jumapili. Nilitoka nje nikifuta mikono, nikamkuta Shefu Patrick amesimama na mke wake. Alishtuka kuliko mimi.

"Mama, sikujua ni kwenu. Tutatafuta fasi ingine. Mi njo nilikukatia prime."

"Ulikata kwa kazi, Shefu. Hapa utalipa kwa nyumba. Ingia uangalie."

Basi tukaishi hivyo mpaka nilipostaafu. Kazini alinipa amri nikazitimiza. Nyumbani bomba likivuja alikuja kuniomba kwa heshima, na kodi ikichelewa nilimgongea, mkuu wangu akatoka na kandambili akijieleza. Hakuna aliyemdharau mwenzake. Mke wake alimletea Tata Ilunga uji alipokuwa bado dhaifu.

Deni lilikwisha kabla kidogo ya pensheni yangu. Mama Shala aliturudishia karatasi za lupango, akaniongezea kitenge juu. Baadaye Shefu Patrick alihamishwa Likasi, nyumba kubwa ikabaki tupu.

Pensheni ni ndogo, sitawadanganya. Lakini sasa ninasikia mlango ukigongwa na ninauliza ni nani, kama mtu yeyote. Ninyi mnaofanya kazi leo, mshahara ukipungua, mwambieni mapema anayewadai, na mseme ukweli wote. Ataudhika, lakini mtakuwa mmekaa naye meza moja.

Siku aliyoondoka mpangaji, nilianza kufunga vitu vyetu turudi mbele. Niliamini ndilo jambo mume wangu alilokuwa akilingojea. Alichukua ufunguo, akaingia peke yake. Nilisikia hatua zake chumba kwa chumba, akigonga kuta zake, akifungua madirisha. Alikaa humo muda mrefu. Alipotoka, alifunga mlango akaniwekea ufunguo mkononi.

"Iko muzuri," akasema. "Mwite dalali. Siye tubakie nyuma."