Nimekataa Kusema Mzigo Wangu ni wa Kula Nyumbani

Admin, nifichie jina, ila hasira yangu iache ilivyo.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na nne, mzaliwa wa Buteba, upande wa Uganda. Polio ilinichukua miguu yote miwili nikiwa mtoto, kwa hiyo natumia baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kuzungusha kwa mikono. Sijaolewa, naishi na mama yangu mzazi. Pole zenu naomba mbaki nazo, nimezishiba tangu utotoni.

Wanaoujua mpaka wa Busia wanatujua sisi wa baiskeli. Wafanyabiashara wanatupakia mafuta ya kupikia na sabuni upande wa Kenya, nyuma, mbele, hadi chini ya kiti, tunawavushia, wanatulipa ujira. Mkaguzi akiuliza mzigo wa nini, sote tuna jibu moja: "Ni ya kula nyumbani, afande." Anatazama miguu, anapunga mkono, tunapita bila ushuru. Hata mitungi ya mafuta ikifika shingoni, ni ya kula nyumbani. Tajiri niliyembebea zaidi, nimwite Mama Nekesa, alikuwa akiona nasitasita ananicheka: "Wewe pita tu, dada. Hiyo miguu yako si ndiyo pasi?" Nami nacheka, maana anayenilisha ni yeye.

Mwaka huu nikasema basi, mtu mzima mwenye akili timamu siwezi kuzeeka nikibeba vya watu. Mama analima muhogo. Tukamenya wetu, tukaongeza wa majirani, tukauanika, nikapata mteja muuza unga upande wa Kenya. Siku ya kwanza naupeleka nilikuwa nimekalia mali yangu mwenyewe. Nyinyi mtaona ni magunia tu. Mimi nilikuwa naimba njia nzima.

Pale mpakani mkaguzi akauliza nimebeba nini. Mdomo ukanitangulia: "Ni ya kula nyumbani, afande." Akapunga mkono, nikapita. Nilikuwa nimeshavuka ndipo yale maneno yakaanza kunichoma. Kitu changu cha kwanza maishani, nimekikana kama cha wizi, na hakuna aliyenilazimisha! Nikageuza baiskeli, nikarudi hadi pale aliposimama.

"Afande, nimesema vibaya. Huu muhogo ni wa kuuza. Ni wangu."

"Sasa mama, si nimekuachilia?"

"Umeachilia miguu. Pima mzigo."

Watu wa foleni waliangua kicheko. Wacheke. Muhogo ukapimwa, nikalipa kilichotakiwa, wala hakikuniua, nikapewa risiti yangu. Mteja akauchukua wote na kuagiza mwingine. Tangu siku hiyo kila nikivuka nasema ukweli. Mama Nekesa naye nilimwambia nikibeba vyake nitasema ni vyake. Akanisonya, akampakia mwenzangu.

Balaa likaanzia hapo. Baiskeli hii si yangu, ni ya kikundi chetu cha watu wa mpakani wenye ulemavu. Mwenyekiti wetu, ambaye naye ni wa baiskeli na nilikuwa nikimheshimu kama kaka, alinijia juu mbele ya wenzetu.

"Dada, wewe nataka kuharibia sisi kazi? Kama wewe nalipa, kesho hawa watu naanza kuuliza sisi wote. Mimi watoto yangu nakula nini?"

Nikamwambia, "Mwenyekiti, mimi sijataja mtu. Nimesema mzigo yangu."

"Mzigo yako iko juu ya baiskeli ya kikundi."

Hilo nalo ni kweli. Wakapitisha kwamba nirudi kusema kama wanavyosema wenzangu, niombe msamaha, au Jumamosi kwenye mkutano niirudishe baiskeli apewe mwingine.

Sisemi ni watu wabaya. Njaa yao naijua, nimekula nayo sahani moja. Lakini ile huruma ya pale mpakani inawatajirisha matajiri, sisi inatuachia maumivu ya mabega. Nilipowashauri tununue muhogo pamoja, tuuze kwa jina letu, waliniuliza nani ataanza. Si nimeshaanza?

Aliyeniumiza zaidi ni mama. "Mwanangu, mkono usioweza kuukata, ubusu. Omba tu msamaha. Mtu kama wewe atapata wapi baiskeli ingine?" Mtu kama wewe! Nililia, nakiri, na nilipomaliza kulia nikamwambia kwamba mtu kama mimi ndiye aliyenunua mabati yaliyo juu ya kichwa chake. Tangu hapo tunasalimiana tu.

Baiskeli nitairudisha, hilo sikuja kuwauliza. Muhogo utavuka kwa bodaboda hadi nipate baiskeli yangu, na faida itapungua, najua. Nimechagua mwenyewe, nitabeba mwenyewe. Kwa hiyo atakayeniandikia habari za kuomba msamaha asipoteze bando lake.

Shida yangu ni moja. Mkutano unafanyika kwenye uwanja wa kanisa, na kutoka pale hadi barabarani ni mwendo. Nikishashuka kwenye ile baiskeli, sina cha kunitoa. Mdogo wangu wa kiume amesema atakuja kunibeba mgongoni, na mama anamuunga mkono, eti angalau nitatoka na heshima. Mimi naona wataangalia mgongo wa yule kijana na kusema, "Si tulijua? Bado anabebwa." Njia nyingine ni kuvaa ndala viganjani, kama ninavyotembea nyumbani, nipite chini katikati yao na gauni langu la Jumapili, vumbi lote la uwanja liwe langu, hadi barabarani. Mama anasema nikifanya hivyo nitakuwa nimemvua nguo mbele ya kanisa zima.

Nishaurini, ndugu zangu, nibebwe au nitambae? Mimi mikono yangu inaniambia nitambae.