Glenys Alimwacha Darryl Nje ya Faili

Bibi yangu Nerida hajawahi kusifia kitu anachokipenda. Keki yako ikimkolea atakuambia, "Nimeshakula mbaya zaidi," halafu anakata kipande cha tatu. Nilipofaulu mtihani wa udereva aliniambia barabara za mji wetu wa Grafton zilikuwa na shida za kutosha kabla yangu. Kisha akanirushia funguo za gari lake. Ndivyo tulivyo huku kwetu. Mtu akikusifia usoni unaanza kujiuliza una ugonjwa gani ambao hujaambiwa.

Kazi yake ni kuvusha watoto barabara mbele ya shule ya msingi. Miaka kumi na tisa sasa, kofia pana kichwani, kizibao cha njano, mkononi kile kibao cha kusimamisha magari. Malori ya ng'ombe yanasimama, na hata wale vijana wa magari ya kelele wanasimama. "Haya konokono, vuka," anawaambia watoto, "mwalimu anakusubiri kwa huzuni kubwa." Wanampenda vibaya mno. Siku ambayo hajamwita mtoto konokono, mtoto anarudi nyumbani analia.

Alikuwa na mume, Darryl. Darryl alitoka asubuhi moja kwenda kununua betri ya boti. Huu mwaka wa kumi na nne, na betri bado inatafutwa. Bibi hajawahi kulia mbele yetu kwa ajili ya Darryl, ila amemfanyia utani mpaka nadhani huko aliko masikio yanamwasha.

Nafasi ya Darryl kitandani aliichukua Chutney. Ni mbwa wa kuchunga ng'ombe ambaye hajawahi kumwona ng'ombe kwa karibu, kwa hiyo anamchunga mtu wa posta na pikipiki yake. Jina lilitokana na rangi, na kweli ukimwangalia ni kama mtu kamwagiwa achari ya maembe mgongoni. Ukimuuliza bibi, mbwa analala nje. Ukienda saa moja asubuhi, mbwa kalalia mto na bibi kabaki ukingoni anashikilia shuka.

Mtu wa tatu ni Glenys. Glenys anakaa mapokezi kwenye kliniki ya daktari wa mifugo, na ni rafiki wa bibi tangu mimi sijazaliwa. Kila Alhamisi chai kwa bibi. Bibi alipotolewa nyongo, Glenys alihamia kwake wiki mbili nzima, akamwogesha, akampikia, na muda wote akamwambia ana mwili wa kiti kilichosahauliwa mvuani. Bibi alikuwa anacheka huku ameshika mshono. Hayo ndiyo mapenzi yao.

Basi miaka miwili iliyopita mbwa wa jirani aliumwa na kupe, wale wa huku pwani wanaopooza mbwa mzima kwa siku mbili. Alipona, lakini mtaa mzima ukaanza kuongea bima. Alhamisi hiyo Glenys akaja na karatasi ya kampuni moja, akaitandaza mezani katikati ya biskuti.

"Ya chini hii hapa," akasema, anaigonga kwa kalamu. "Ajali tu. Akigongwa na gari wanalipa. Akiugua, ni wewe na Mungu wako."

"Mimi na Mungu wangu hatuongei tangu Darryl."

"Ya kati, ajali na magonjwa. Kupe yumo. Magoti hayamo."

"Magoti yana nini?"

"Nerida, mbwa wa aina hii ni magoti na kelele tu, hana kingine. Nawaona kila wiki wanaingia na miguu mitatu."

"Na ya juu?"

"Ya juu ina kila kitu. Kupe, magoti, meno, mpaka mtaalamu wa wasiwasi."

"Huyo mtaalamu ni wa mbwa au wangu?"

"Wewe hata bima haikutaki."

Mimi nikadakia kwamba ya kati inatosha, maana aliyetutisha ni kupe. Bibi alikuwa anamwangalia Glenys.

"Ungekuwa wewe?"

Glenys alikoroga chai yake muda mrefu, na hawekagi sukari. Nilikiona kile kijiko kinazunguka, nikakicheka moyoni, basi.

"Ya juu," akasema. "Kwa ajili ya magoti."

Bibi akasaini. Ili kuimudu akaacha kwenda klabu siku za Ijumaa, kule wanakouza kuku wa kukaanga aliyefunikwa jibini, kitu pekee alichokuwa anajinunulia mwenyewe. "Kuku mwenyewe mkavu," akasema. Kwa hiyo nikajua huyo kuku anampenda sana.

Mwaka huu, mwezi wa tatu, Chutney alimkimbilia mtu wa posta kama kawaida, akageuka ghafla getini, akapiga ukelele mmoja nikasikia mpaka jikoni. Mguu wa nyuma wa kushoto ukabaki unaning'inia. Kliniki, Daktari Ferris akaushika, akaukunja, akasema kano ya goti imekatika. Akifanyiwa upasuaji anarudi kukimbia. Asipofanyiwa, atachechemea na maumivu maisha yake yote, na mbwa ana miaka sita tu.

"Basi kata, shona," bibi akasema. "Nina ya juu."

Aliisema ile "nina ya juu" kama mtu anayeshuka kwenye ndege. Hajawahi kuwa na ya juu ya kitu chochote. Glenys alikuwa pale pale mapokezi. Hakuinua uso.

Jibu la kampuni lilikuja baada ya siku tisa, nikamsomea kwenye simu yangu kwa sababu miwani yake ilikuwa imekaliwa na mgonjwa. Hawalipi. Tatizo la mguu lilikuwepo kabla ya bima kuanza. Wakaweka na ushahidi, mstari mmoja kutoka faili la kliniki, wa miezi minne kabla ya ile chai: "Mwenye mbwa anasema mguu wa nyuma wa kushoto ni mbovu tangu siku aliyomchukua."

"Soma tena," bibi akasema.

Nikasoma.

"Tena."

Mara ya tatu nilimwona anakumbuka. Wekundu ulianza shingoni, ukapanda taratibu. Siku ile alimpeleka mbwa kuchanjwa. Chutney alikuwa amekanyaga mwiba wa bindii, hivi vimwiba vya kwenye nyasi, anainua mguu kama bwana harusi anayeogopa tope. Glenys akauliza huyo ana nini leo. Na bibi, mbele ya chumba kizima cha watu na paka zao, akasema: "Mguu huo mbovu tangu siku niliyomchukua. Kama Darryl tu, tofauti huyu anarudi nyumbani."

Watu walikufa kwa kicheko. Glenys alicheka mpaka akavua miwani akafuta macho, kisha akaivaa, akaandika. Dakika mbili baadaye daktari akautoa mwiba, mbwa akatembea sawa na hakuchechemea tena mpaka siku ile ya mtu wa posta.

"Darryl yuko wapi?" bibi akaniuliza.

"Wapi tena?"

"Kwenye huo mstari. Kamtoa. Angemwacha Darryl humo, hata huyo mtu wa bima kwenye ofisi yake angejua ni utani."

Daktari Ferris akamwambia njia ipo. Yeye ataandika kwamba siku ile alichokuta ni mwiba. Ila kampuni inataka na maelezo ya yule aliyeandika ule mstari, yenye sahihi yake, kwamba maneno yalisemwa kwa mzaha. Sahihi moja tu. Bibi alilala vizuri usiku huo, nadhani. Alidhani ameshapona, maana mwenye sahihi ni Glenys.

Kesho yake alipomaliza kuvusha watoto nikampeleka kliniki. Akaingia na kizibao chake cha njano na kile kibao mkononi, hakukumbuka kukiacha garini. Hapakuwa na mteja mwingine.

"We kiti cha mvua," akamwambia Glenys, "umenichomekea Darryl wapi?"

Glenys hakucheka. "Naandika mnachosema, Nerida. Ndiyo kazi yangu."

"Mbona Darryl nilimsema?"

"Darryl siyo mgonjwa wetu."

"Sawa. Ulicheka hukucheka?"

"Nilicheka."

"Basi andika hivyo, tia sahihi, twende zetu. Alhamisi nitakuwekea biskuti zile ngumu unazozipenda."

Glenys akazisawazisha karatasi zilizokuwa tayari zimesawazika. "Nikisaini kwamba naweka utani kwenye mafaili, watataka kuyafungua mafaili yote. Miaka yote hiyo. Nimebakiza mwaka na nusu nistaafu."

"Ni sahihi moja, Glenys."

"Siwezi."

Bibi akakiegemeza kibao chake kwenye meza ya mapokezi. Neno lenyewe, SIMAMA, likawa linamtazama Glenys. Bibi hakulikusudia, lakini mimi lilinikaa.

"Nikuulize kitu," akasema. "Siku ile mezani kwangu ulikuwa umeusahau huo mstari, si ndiyo?"

Alikuwa amemfungulia mlango, jamani. Hata mimi niliuona. Alichotakiwa Glenys ni kusema ndiyo, akapita, Alhamisi ikaendelea kuwa Alhamisi.

"Nilikumbuka kwenye kikombe cha pili," Glenys akasema.

"Ukanyamaza."

"Nilijua ungenicheka mwaka mzima. Nikajisemea goti halitaumia."

"Si ungeniambia nichukue ya kati. Ya kati haina magoti. Ungeniambia tu ya kati inatosha, hata huyu mtoto alisema."

"Ungeniuliza kwa nini." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Kila siku nakuambia mbwa hawa wana magoti mabovu. Ningekuambia uyaache magoti, ungeniuliza kwa nini."

Kwa hiyo ndiyo hivyo. Miaka miwili ya kuku wa Ijumaa, bibi analipia goti ambalo rafiki yake alijua halilipwi, kwa sababu ushauri mbovu ulikuwa rahisi kuliko swali moja.

Nikajiandaa. Nikasema moyoni leo Glenys ataitwa majina ambayo kamusi haijayafikia. Nilikuwa nayangoja kabisa, maana matusi ya bibi yana dawa. Akikutukana, mmeshapatana.

Bibi akachukua kibao chake.

"Nimekuelewa," akasema. "Asante kwa muda wako, Glenys."

Uso wa Glenys ulibadilika pale. Kwenye lile neno asante. Miaka yote ile bibi hajawahi kumshukuru, hata siku ile ya nyongo.

Ili alipie upasuaji bibi akauza karavani yake, ile nyumba ya kuvutwa na gari. Ilikaa uani miaka minane, imeoshwa kila masika, ramani ya kuzunguka nchi iko ndani kwenye droo. Kitanda cha pili kilikuwa cha Glenys, walishagombana nani atalala upande wa dirisha. Aliyeinunua alikuja asubuhi, akaifunga nyuma ya gari lake, na bibi akamwelekeza kutoka getini kwa mkono, kama anavyoelekeza malori. Ramani aliiacha humo humo kwenye droo.

Chutney alishonwa. Wiki sita hakuruhusiwa kuruka wala kukimbia, na mtu wa posta akaanza kupungua uzito kwa wasiwasi wa kutofukuzwa. Alhamisi bibi alikunywa chai na mimi. Nilijaribu kumwambia ana mwili wa kiti, akaniangalia tu. Utani ule haukuwa wangu.

Siku ya kuangaliwa goti tukaingia kliniki wote watatu. Mbwa kwa miguu minne, anatembea kwa madaha kama aliyelipa mwenyewe. Glenys akamwona bibi, akavuta pumzi. Alikuwa ameliandaa tusi lake, lilisikika.

"Nerida. Leo umezeeka kuliko jengo la posta."

Akasubiri. Chumba chenye watu wanne na sungura mmoja kikasubiri naye, maana mji wetu ni mdogo na kila mtu alikuwa anajua.

"Blauzi hiyo imekupendeza," bibi akasema. "Rangi imekukaa vizuri kweli."

Glenys akaitazama blauzi yake. Akaanza kuandika kitu kwenye kompyuta, sijui nini, hakuna aliyekuwa amesema kitu cha kuandikwa.

Chutney ndiye aliyetuvunja. Akauvuta mkanda ukanitoka mkononi, akazunguka meza ya mapokezi na goti lake jipya, akamwekea Glenys kichwa mapajani. Glenys huwa ana maini makavu mfukoni. Akayatoa, mbwa akala huku mkia unapiga droo.

"Msaliti," bibi akasema.

Glenys akainua kichwa haraka, macho yamejaa, karibu atabasamu.

Lakini bibi alikuwa anamwangalia mbwa.