Uchungu Hautangazwi

Kwetu Pemba mwanamke hatajwi kuwa ana mimba. Tumbo linamtangulia mlangoni, na bado akiulizwa hali atasema ana kijihoma tu. Uchungu ndio kabisa. Ukishika, anaambiwa mama, mkwe na mkunga, basi. Husemwa kwamba kila atakayejua zaidi ya hao atauchelewesha kwa jicho lake.

Mimi ni mkunga wa kusomea, na miaka yote ya kazi nimegombana na siri hiyo. Ndiyo inayoniletea wanawake wamechoka hoi, midomo imewakauka, na jamaa zao wananiapia, "Umeanza sasa hivi, dokta." Sasa hivi gani! Nikimshika tumbo tu najua kwamba amelala na uchungu usiku kucha.

Mdogo wangu kaolewa Makoongwe, kisiwa kidogo unachokiona ukisimama bandarini Mkoani. Mtoto wake wa kwanza alimzalia huko huko nyumbani, mlango umefungwa, redio imefunguliwa kwa sauti ili majirani wasisikie. Mtoto alitoka salama. Damu ndiyo iliyokataa kusimama. Walipokubali kumtoa alikuwa hasemi tena, kafungwa leso juu ya leso, na nilipompokea ng'ambo karibu nisimjue kwa jinsi midomo ilivyokuwa myeupe. Alipona, alhamdulillahi. Lakini daktari alituambia wazi, nami nikamrudia mkwe wake maneno yale yale: jambo hili huweza kurudi, na likimrudia nyumbani tutamzika.

Mimba ya pili ilipofika mwezi wake nilimtaka aje akae kwangu, angojee karibu na hospitali. Mkwe alikataa. Si kwa ubaya, maana mama yule anampenda mke wa mwanawe kuliko huyo mwanawe mwenyewe, ambaye wakati ule alikuwa dago, kambi ya wavuvi, mbali huko. Hoja yake ilikuwa moja tu: mwanamke akivuka na mkeka na mto, pwani nzima inajua kinachofuata.

"Mwanangu, weye hulijui jicho la watu," aliniambia.

"Damu naijua," nikamjibu. Tukanuniana.

Basi nikachukua likizo, nikahamia mimi. Nikasema nimekuja kupumzika. Hakuna aliyeamini na hakuna aliyeuliza.

Kilichokuwa kikinikosesha raha ni chombo. Wavuvi hutoka alfajiri, na maji yakipwa, mashua zilizobaki hulala mchangani, huwezi kuzitoa mpaka yajae tena. Wiki ile mashua iliyokuwa ikielea mchana ilikuwa moja tu. Ilitiwa nanga nje kwenye kina, na mwenyewe, mzee mmoja asiyependa maneno, alisema mashine yake mbovu. Kutwa namwona kakaa anashona nyavu.

"Fundi anakuja lini, mzee?" nilimuuliza.

"Atakuja, dokta."

Siku ya pili nikamuuliza tena, jibu likawa lile lile. Nikamwona mvivu, tena mvivu mkubwa, na nilimwambia mdogo wangu hivyo.

Uchungu ulishika mchana, maji yamepwa. Mkwe akafunga dirisha, akasema tungoje magharibi, watu wakiondoka pwani. Nikasema hatungoji. Akasema sauti yangu itasikika. Nikaipandisha. Tulikuwa katika hali hiyo, watu wazima wawili tunazozana, mdogo wangu alipoinuka, akavaa buibui lake na kuchukua kikapu nyuma ya mlango.

"Mie nakwenda," alisema. "Sitaki kufa kwa kuwaonea haya watu."

Mkwe alimtazama, kisha akamwekea leso mbili ndani ya kikapu na kuzifunika na pweza mkavu. "Basi kenda kama wendao kutembea," alisema. "Ukikushika, simama uamkie watu."

Tukatoka. Uchungu wa kwanza ulimshika mbele ya wanawake waliokuwa wakiparua samaki. Akaegemea ukuta, akasema, "Wambaje, bibi?" Bibi mmoja akaweka kisu chini, akajibu. Kisha akamuuliza mumewe hajambo huko dago, mtoto hajambo, mguu wa mkwe umepoa, mimi likizo naionaje, kuku wameacha kufa. Nilikasirika. Nilitaka kumwambia aache. Mara mdogo wangu akateremsha mabega, na bibi yule akasema, "Haya, nendeni salama," akaokota kisu chake.

Wa pili ulimshika kwa mwanamke aliyekuwa akianika dagaa. Ikawa vivyo hivyo, salamu ndefu, jamaa mmoja mmoja, mpaka mabega yaliposhuka. Hapo ndipo nilipozinduka. Walikuwa wakimsubiri apumue. Na katika pwani ile, ambako huwezi kupita na ndoo tupu bila ya kuulizwa wendapi, hapana hata mmoja aliyetuuliza tunakwenda wapi.

Mzee wa nyavu alikuwa keshaingia majini hadi kiunoni, kashika mtumbwi wa kutufikisha kwenye mashua yake. Tulipopanda, alivuta kamba ya mashine mara moja tu, ikawaka.

"Si mbovu hii?" nilimuuliza.

"Imepona."

Mkwe alikuwa akisoma nyiradi zake, anatazama upande mwengine.

Mtoto, mwanamume, alizaliwa hospitali Mkoani kabla alasiri haijaadhiniwa. Damu ikarudi vile vile nilivyoiogopa. Wenzangu waliniweka kando kwa kuwa mimi dada, na walifanya vyema. Walimchoma sindano, wakamsugua tumbo, wakamtundikia maji, kisha mfuko wa damu. Nilisimama ukutani nasema ya Rabi, ya Rabi, mimi ambaye huwakemea jamaa wanaolia wodini. Baadaye tumbo likakaza na damu ikasimama. Nilipotoka nje mkwe hakuuliza mtoto gani. Aliuliza, "Mkwe wangu mzima?" Nikamwambia mzima. Akakaa chini pale pale sakafuni, nami nikakaa naye, na kununiana kwetu kukaishia hapo.

Mdogo wangu alipopata nguvu za kurudi, yule mzee alikuja kutuchukua. Mdogo wangu na mkwe walikuwa bado wanateremka ngazi za gati na mtoto. Nilikuwa peke yangu naye, nikamuuliza waziwazi, maana mimi sijui kuzunguka.

"Mzee, wiki nzima hukuvua. Mashine ilikuwa na nini?"

Alikuwa akikumba maji ya ndani ya mashua kwa kopo. Hakuacha.

"Mara ile ya kwanza tulimleta na mashua hino hino," alisema. "Ulipomchukua wewe ukenda naye mbio, mie nilibaki kuiosha. Nimezisugua mbao zino, nimezisugua, hata maji yakajaa nami bado nasugua. Sikutaka kuiosha tena."

Mdogo wangu akafika. Mzee akavua shati lake, akaufuta ubao wa kati mpaka ukakauka, akamwambia akae hapo.