Kuni Nilizozirudisha Msituni

Nilitoka mtaa wa Huruma kwenda kuchukua kuni, hilo niliseme mapema. Wapika chapati wa mtaani kwetu nawauzia mabaki ya mbao kutoka kwa maseremala wa soko la Gikomba, na siku hizi mabaki yamekuwa haba. Mjukuu wangu Zainabu, wa kwanza katika ukoo wetu kufika chuo kikuu, anasomea udongo kwenye msitu wa paini uliopandwa huko juu ya Limuru. Aliponiambia miti imekatwa na matawi yamelala chini, nikamwambia aniwekee.

Saa kumi na mbili asubuhi nilipanda lori linaloleta mbao Gikomba, likirudi tupu. Dereva akaniuliza, kama anayemtania nyanya yake, "Shosho, unaenda kununua msitu wote?" Nikamjibu naanza na nusu.

Saa tatu tukafika. Jamani. Miti imesimama safu kwa safu, mirefu mpaka shingo ikaniuma, na kimya kizito hata nikajikuta nanong'ona. Miaka yote hii nauza mti uliokufa. Sikuwahi kuuona ukiwa hai, tena kwa wingi ule.

Zainabu alinionyesha vipande vitatu vya msitu vilivyokatwa zamani na kupandwa upya. Cha kwanza walizoa kila kitu, gogo, matawi na majani: miche yake ya manjano, inanifika gotini. Cha pili walitoa magogo tu: miche imenipita kiuno, kijani kibichi. Cha tatu kilizolewa kama cha kwanza, kisha kikawekewa mbolea ya duka, nacho kilipendeza. Nikasema basi dawa ni mbolea. Akasema inasaidia, lakini mvua huondoka na sehemu yake, na ukishaanza huachi kununua. Gogo ni zito, akasema, ila kwa uzito ule ule, majani, vijitawi na maganda yana chakula kingi zaidi cha udongo. Nilimsikiliza mdomo wazi. Mtoto niliyekuwa nikimfunga vifungo vya sare, leo anauuliza udongo maswali na udongo unamjibu.

Hapo akaitwa ofisini. Mimi nikashuka bondeni, nikaona matawi yamezungushiwa kamba nyekundu, sehemu mbili. Gikomba, mzigo wenye kamba una mwenyewe. Nikajua ndio wangu. Nikafunga mizigo tisa, mitano kamba ya juu, minne kamba ya chini, nikaiburuta hadi njiani.

Zainabu aliporudi alikaa chini pale pale. Hakunifokea, na hilo ndilo liliniuma.

"Nyanya, hiyo ndiyo kazi yangu ya kumalizia chuo. Matawi ya kila kamba niliyapima jana. Sasa sijui yapi yalitoka wapi."

"Mimi najua," nikamwambia.

Nikinunua kwa maseremala wawili, mizigo ya mmoja naipiga fundo moja, ya mwingine mawili, nisichanganye. Hata msituni mkono ulifanya hivyo bila kuniuliza. Tukaburuta kila mzigo hadi kwenye kamba yake, tukapima. Uzito wa kila kamba ukawa pungufu kidogo kuliko ule wa jana. Nikakumbuka: kabla ya kufunga nilikung'uta majani, maana wateja wangu hawataki moshi. Yaani nilitupa chakula chenyewe.

Nilipiga magoti kando ya kila kamba, nikaokota vile vijani vyembamba kama sindano, nikivitia kwenye leso, mpaka alasiri. Zainabu akapima tena, akaangalia daftari lake. Kisha akasema, "Uzito umefika, Nyanya," akalifunga.

Jioni nilirudi na lori lililojaa mbao, mimi mikono mitupu. Mama Asha wa chapati akauliza kuni ziko wapi. Nikamwambia nimeziacha zilishe watoto wa miti, leo apike kwa makaa. Siku zote nilidhani gogo likishaondoka, kilichobaki ni taka inayoningoja mimi.

Nilipokunja leso nikakuta sindano saba zimenasa kwenye pindo nililotilia za kamba ya chini. Asubuhi nikazifunga kwa gazeti, nikampelekea dereva: ampe Zainabu, kamba ya chini. Alicheka. Nikamkazia macho mpaka akaziweka mfukoni, taratibu, kama mtu aliyepewa dhahabu.