Namba Moja Yangu Ni Wimbo wa Maua

Juzi nilirudi Likasi, kwetu Kongo, na siku ya kwanza tu, nikiwa sokoni nachagua kapenta, spika ya muuza simu ikafyatua gita la miaka ya themanini. Nikasimama na samaki mkononi. Binti aliyekuwa ananiuzia akacheka: "Mama, ile ni miziki ya bakubwa!" Haya, mimi ni mkubwa, sikatai. Lakini tangu siku hiyo nyimbo zile zimekataa kunitoka kichwani, na dawa yake ni moja: nizipange, tano bora, kuanzia mkiani. Ukiwa na zako, panga zako.

Ujue kwanza kwamba zote zilikuwa za Kilingala, na sisi watoto wa Shituru, mtaa wetu pale Likasi, lugha yetu ni Kiswahili. Tuliimba tulichosikia, si kilichoimbwa, na nyimbo tuliziita kwa kazi zake.

Namba tano ni Ya Sakafu. Nyumba zetu zilikuwa na sakafu nyekundu, na Jumamosi ilikuwa siku ya kupaka nta. Ukishapaka, unasugua kwa miguu, tambara chini ya kila wayo, na wimbo ule ulikuwa na mwendo sawasawa wa kusugulia. Mpaka leo nikinusa nta, kiuno kinajua cha kufanya.

Nne ni Ya Bukari, yaani ugali wetu, mrefu wa kutosha kusonga sufuria nzima. Mama alisema anayesonga bila wimbo hulisha watu madonge. Tatu niliupenda kwa sababu ya mvulana fulani wa jirani, tuupite. Mbili ulipigwa katika kila harusi, na munkoyo mwingi, kile kinywaji chetu cha mahindi, ulimwagika kwa ajili yake.

Namba moja. Hapa tukae.

Mama yangu alifariki nikiwa bado shule ya msingi, na Kambo, ndivyo tunavyomwita bibi, akaja kunilea. Mama alikuwa binti yake wa pekee. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Kambo alipika, alifua, alinisuka nywele, lakini hakuimba, na redio yetu aliifunika kitambaa. Nyumba ikanyamaza kabisa. Nilikuwa naogopa kengele ya kutoka shule, kwa maana ilinirudisha kwenye ukimya ule.

Asubuhi moja redio ya jirani yetu, mama mmoja aliyetoka Kinshasa, ikapiga wimbo, na mwimbaji akawa anarudia neno moja: mawa, mawa. Kambo alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Mchi ukasimama. "Anaimba maua," akasema. Siku zilizofuata akawa anaufuatisha, kwanza puani, kisha kwa sauti. Akaomba mbegu kwa watu, akapanda maua chini ya dirisha la chumba cha marehemu mama yangu. Redio yetu akaivua kitambaa. Nami nikawa natoka shule mbio.

Basi nikaenda kwa jirani anifundishe maneno yote. Huyu hakuwa na mchezo na Kilingala chake. Ukikosea neno alikurekebisha mbele za watu, hata mchungaji hakumwacha. Akatikisa kichwa.

"Non, haiko maua. Mawa ni huzuni. Ule muntu iko analia mufu yake."

Nilirudi nyumbani. Kambo akijua, niliwaza, atanyamaza tena, na safari hii hatafunguka. Sikumwambia. Lakini Jumamosi, jirani akiwa anafua upande wa pili wa wigo, Kambo akamwita mwenyewe.

"Mama, ile wimbo ya maua, ku mwisho anasemaka nini? Masikio yangu haisikiake muzuri."

Nikamkodolea jirani macho. Alimwangalia Kambo, akayaangalia maua, yale mekundu na ya njano, kisha akajifuta povu mikononi.

"Anasema mvua ikirudi, itaota tena, mama. Vraiment, kweli kabisa, itaota."

"Ni vile nilikuwa nawaza," akasema Kambo, akaendelea kumwagilia, akiimba.

Wote wawili wametangulia. Wigo ule sasa ni ukuta wa matofali, na wanaokaa ng'ambo yake sikuwaona hata sura. Siku hizi wimbo ukikutatiza, simu inakupa maana yake papo hapo, na simu haimwangalii mtu usoni kabla ya kujibu. Nashukuru nilikua kabla yake. Nashukuru kwa nta, kwa bukari, kwa nyimbo zote tulizozikosea. Kwa mwanamke yule nashukuru mpaka machozi yananitoka, wala sioni haya kusema.

Kilingala nimejifunza ukubwani. Wimbo ule nimeusikiliza mpaka gita la mwisho linapozimika. Mvua haimo. Kuota hakumo. Mstari ninaoupenda kuliko yote katika namba moja yangu, jirani aliutunga mwenyewe, na sabuni mikononi.