Mama Pasta Félicité atafuta wa kumwachia chaki

Saa mbili asubuhi ya Jumatano, Mama Félicité Riziki ameketi kwenye benchi la nyuma, katika chumba kidogo kando ya kanisa la Kibaptisti mjini Baraka, ufukweni mwa ziwa. Mikono iko magotini, kichwa kimeinama. Ungedhani anasali. Hasali, anasikiliza.

Kwa miaka ishirini na saba chaki ya darasa hili la kusoma imekuwa mkononi mwake. Leo anayo Gentille, muuza ndagala, yaani dagaa, mwenye miaka arobaini na minne, mwanafunzi wake wa zamani. Ni mara yake ya kwanza kufundisha peke yake. Mbele yake wamebanana wanawake kumi na tisa, wengine na mabeseni yao ya sokoni, wengine walioteremka kutoka milimani Minembwe.

Gentille akishindwa, darasa linakwisha. Baraza la kanisa limesema bila kuficha kwamba siku mwalimu akikosekana, chumba kitageuzwa stoo ya mabati na saruji.

Félicité, mwenye miaka sabini na sita, ni mke wa Pasta Alphonse, mchungaji mstaafu. Jicho lake la kushoto halioni kabisa, la kulia linaona ukungu. Ni miaka miwili sasa tangu daktari amwambie aende Bukavu kupasuliwa mtoto wa jicho. Hajaenda.

"Nikiondoka mwezi moja, nitakuta chumba imejaa mabati," anasema. "Mi najua bazee ba kanisa. Minabapenda, lakini minabajua."

Darasa lilianza Tanzania, katika kambi ya wakimbizi, baada ya vita kuwavusha ziwa yeye na mumewe, na watoto watano na sufuria mbili. Félicité aliwakusanya wanawake na vitabu vya nyimbo. Baada ya miezi mitatu walikuwa wakisoma kama maji yanayotiririka, naye akasimama kanisani kumshukuru Mungu.

Alishukuru mapema. Siku moja alimwona Gentille, wakati huo msichana wa miaka kumi na saba, akisoma beti zote nne bila kukosea. Kitabu alikuwa amekishika juu chini.

"Njo nilijua hakuna mwenye alikuwa anasoma," anasema, na hata leo anacheka mpaka anafuta macho. "Bote balikuwa banaimba tu. Tangu utoto banajua ile nyimbo."

Nyimbo zikapigwa marufuku darasani. Tangu hapo anafunika mstari kwa kiganja, anaacha neno moja la katikati, anauliza: hili ni nini? "Kwa mustari muntu anaweza kudanganya. Kwa neno moja, hapana." Mwandishi wa makala haya naye alifunikiwa mstari kabla ya kuruhusiwa kuuliza swali lolote. Alipita, kwa jasho.

Waliporudi Baraka, darasa lilirudi nao. Zaidi ya wanawake mia nne wamepitia hapo. Kila Jumatano Pasta Alphonse ndiye hupika bugali nyumbani.

"Bakristo balisema mama amenipa dawa," anasema mzee huyo wa miaka themanini na moja. "Nikabaambia, kama ni dawa, iko muzuri. Mi namushukuru Mungu kwa huyu mama kila siku."

Kilichobaki kilikuwa kumpata mrithi. Wasomaji wazuri walikuwepo. Félicité alitaka mwenye jicho la kumnasa anayekariri.

Alimpata kwa aibu yake mwenyewe. Jumapili ya mavuno mwaka jana aliombwa asome zaburi ya shukrani. Aliisoma vizuri, kanisa zima likaitika amina. Alasiri Gentille akabisha hodi.

"Nilimuambia, Mama Pasta, zaburi iko katikati ya Biblia. Ya kwako ulifungua karibu ya mwisho," Gentille anakumbuka. "Nilikuwa naogopa. Huyu ni mama yangu."

Félicité akaungama kwamba kwa miezi minne alikuwa haoni herufi. Na hapo hapo akamwomba ashike chaki.

Sasa, darasani, ni zamu ya Nadège, muuza mihogo. Anasoma aya kuhusu kuchemsha maji ya kunywa, upesi, kwa sauti tamu. Kwenye benchi la nyuma Félicité anainua kichwa. Aya hiyo ilisomwa na watatu kabla yake, na sauti ile ya kukariri anaijua. Anakaza midomo, anamsubiri Gentille.

Gentille anamwacha Nadège amalize. Anasogea, anaweka kiganja juu ya karatasi, anaacha neno moja.

"Na hii, Mama Nadège?"

Nadège anacheka kwa haya, anainamia karatasi. "Sa... fi," anasema. "Safi."

Félicité anashusha pumzi. Machozi yanamtoka na hayafichi. "Asante, Yesu," anasema polepole.

Jumatatu ijayo atapanda gari kwenda Bukavu pamoja na mumewe. Mpango wake ni kuanzisha darasa la pili katika rasi ya Ubwari, ambako wanawake wameshamwita mara mbili.

"Nikirudi naona, nitapanda mutumbwi niende kule," anasema. "Nikirudi sioni, Gentille atanipa nafasi ku benchi. Darasa iko."