Mjukuu Aliyedhaniwa Amenona

Miaka imepita. Asubuhi ile binti yangu Leokadia alikuwa barazani akichambua maharage, mwanawe Baraka akiyamwaga. Nilikuwa nimetoka Mwanza kuwasalimu huko Kongo, alikoolewa. Nilikuwa nimemaliza sala, nasubiri chai.

Mizinga ikaanza kulia upande wa sokoni.

Tulikimbia. Mumewe alikuwa kazini, hatukumwona tena.

Njiani risasi ilimpata Leokadia. Nilimfumba macho, nikambeba mtoto.

Tulijificha porini kwa wiki nyingi, tukila mihogo mitupu, hadi Mungu akatuvusha mpaka. Basi lilipopita Busisi, karibu na Mwanza, nilimpigia simu mke wangu, Paulina. Nilipofika nyumbani Kiseke, samaki sato na ndizi vilikuwa tayari, na majirani wamejaa.

"Mashavu hayo! Mtoto wa vita amenona kuliko wangu," alisema mmoja. Tukacheka.

Jirani yetu Modesta, ambaye ni nesi, hakucheka. Aliminya mguu wa Baraka kwa kidole gumba, akauachia. Shimo likabaki.

"Shikamoo, babu. Huku si kunona, ni njaa. Msimlishe chakula hicho. Twende hospitali sasa hivi."

Wodini alikofanya kazi Modesta, Baraka alipewa maziwa maalumu, kidogo kidogo. Paulina aliumia, maana kwetu mgeni aliyetoka taabuni hushibishwa kwanza.

"Mnampimia mjukuu wangu chakula kama dawa?"

"Ndiyo dawa yake, bibi. Mwili umezoea njaa. Ukimshibisha ghafla, moyo unaweza kusimama," Modesta alimjibu.

Uvimbe ukaanza kupungua, mtoto akabaki mifupa na ngozi.

"Mnammaliza," Paulina alilia.

"Yale yalikuwa maji, bibi. Sasa ndiyo tunamwona Baraka mwenyewe."

Nilishika rozari.

Kisha asubuhi moja Baraka alimaliza kikombe, akakataa kukiachia. Modesta akavuta, naye akavuta, akapiga kelele hadi wodi nzima ikageuka.

"Huyo ameshaanza ugomvi, amepona," alisema mama wa kitanda cha jirani. Paulina alicheka hadi akakaa sakafuni.

Jumapili tuliyompeleka kanisani, niliomba misa mbili: ya shukrani kwa mtoto, na ya kumwombea mama yake. Padri aliuliza tuanze na ipi. Binti yangu hana kaburi ninaloweza kulifikia, na maumivu hayo sitarajii yaishe. Lakini Baraka alikuwa ameng'ang'ania suruali yangu, mzito, akinivuta nje akacheze.

"Shukrani, Baba," nilijibu.